Mwasisi, Mzushi na Mtunzi: Tunavyowaita Walioanza



Nimeombwa nizungumzie majina tunayowapa watu walioanzisha jambo jipya. Majina hayo ni mengi kuliko tunavyodhani. Tuna mwanzilishi, mwasisi, mvumbuzi, mgunduzi, mbunifu, mtunzi, na yule aliyeingia juzijuzi akapewa kiti cha mbele, mjasiriamali. Yuko pia mwingine ambaye hakaribishwi kwenye hafla, naye ni mzushi. Nitamfikia.

Fungua gazeti au redio siku yoyote, utamkuta mwasisi. Mwasisi wa bongo fleva, mwasisi wa singeli, mwasisi wa tuzo, mwasisi wa kikundi cha kuweka na kukopa cha mtaa wa saba. Sina ugomvi na heshima wanayopewa watu hawa. Ugomvi wangu ni kwamba kila neno katika orodha ile lina dai lake kuhusu jinsi jambo jipya linavyozaliwa, nasi tumeyaacha madai yote tukashika moja, lile linalosifu zaidi. Matokeo yake hatusimulii tena jambo lilianzaje. Tunataja mtu, tunapiga makofi, tunakwenda zetu.

Nianze na huyo mkubwa wao. Mwasisi tumempata kutoka Kiarabu, kwenye kitenzi cha kuweka msingi, na asasi ni ndugu yake wa damu. (Wako wanaoandika muasisi. Mimi sina neno nao, ila mpiga chapa akidondosha silabi ya mwisho mheshimiwa anageuka muasi, na hapo mhariri ajitafutie wakili.) Basi mwasisi ni mweka msingi, na msingi hujulikana kuwa msingi baada ya nyumba kusimama. Kabla ya hapo ni shimo lenye mawe. Kwa hiyo mwasisi ni jina linalotolewa kinyumenyume: waliobaki wanatazama kilichosimama, kisha wanarudi nyuma kuamua nani alikiweka. Mwanzilishi hana shida hiyo. Yeye unaweza kumtaja siku ileile, mkutano ukiwa bado haujafungwa, hata kama chama chenyewe kitakufa wiki ijayo.

Tazameni TANU. Tarehe 7 Julai 1954, Dar es Salaam, walikutana watu 17, wote wanaume, wakakigeuza chama cha Tanganyika African Association kuwa TANU. Hao ni waanzilishi kwa tarehe na kwa daftari, na siku yao tunaijua sote kwa jina la Saba Saba. Lakini chama walichokigeuza kilikuwa na mizizi katika African Association ya mwaka 1929, ambayo rais wake wa kwanza alikuwa Cecil Matola na katibu wake Kleist Sykes. Ukiuliza nani alianza, jibu linategemea unasimama mwaka gani kuuliza.

Halafu yuko Bibi Titi Mohamed. Kwenye mkutano ule wa Saba Saba hakuwapo. Aliingia baadaye, na mwaka 1955 akapewa kuongoza tawi la wanawake. Alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, na alikwenda kuwatafuta wanachama palepale alipofahamika: kwenye vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam, ambavyo tayari vilikuwa na viongozi wao, michango yao na mazoea ya kuitana. Wanawake walijiunga kwa wingi, chama kikaacha kuwa mazungumzo ya makarani na walimu, kikawa cha watu. Kwa daftari, Bibi Titi si mwanzilishi wa TANU. Kwa maana halisi ya kuweka msingi, sijui utamnyimaje uasisi. Maneno haya mawili tukiyatumia kila moja mahali pake, yanatusaidia kusema mambo yote mawili bila kumpunja mtu yeyote. Tukiyachanganya, mtu anapotea katikati. Na mara nyingi anayepotea ni mwanamke.

Kuna na upande mwingine wa shilingi hiyo. John Okello, yule mzaliwa wa Uganda aliyejitangaza Field Marshal katika redio ya Zanzibar wakati wa Mapinduzi ya Januari 1964, miezi michache baadaye alikuwa ameshaondolewa visiwani. Wanahistoria watabishana mpaka kiama juu ya kiasi cha kazi aliyoifanya, na leo sitawaamua. Nataja tu kwamba kwenye sherehe za Mapinduzi ukiwasikia waasisi wakitajwa, yeye humsikii. Uasisi hutolewa na waliobaki ndani ya nyumba.

Sasa mvumbuzi na mgunduzi, nao nitawapitia haraka, maana wengi hapa mlishakasirishwa nao tangu darasa la tano. Mnakumbuka swali lile: nani aligundua Mlima Kilimanjaro? Jibu lililopewa alama lilikuwa Johannes Rebmann, mwaka 1848, na Wachaga waliokuwa wanalima ndizi kwenye miteremko yake hawakuhesabiwa. Jambo hilo limesemwa sana, na ni kweli. Mimi ninalotaka mlitazame ni vitenzi vyenyewe. Kuvumbua ni kinyume cha kuvumbika. Unavumbika muhogo kwenye jivu la moto, au ndizi zipate kuiva, kisha unavumbua: unafukua kilichokuwa kimefunikwa. Neno lenyewe, basi, linakiri kwamba kitu kilikuwapo, na pengine kuna aliyekivumbika. Kugundua nako wawindaji wa zamani walikutumia kwa kumkuta mnyama ghafla, naye hana habari. Na mnyama alikuwapo pia. Siku hizi walimu wanatufundisha kwamba mgunduzi ni wa vitu vilivyokuwapo, kama mlima na kijidudu cha ugonjwa, na mvumbuzi ni wa vitu ambavyo havikuwapo, kama redio. Mgawanyo huo unafaa darasani na mimi ninaufuata. Ila mzee wa kijijini akisema fulani kavumbua jambo, msikilizeni vizuri. Huenda anasema kafukua.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote katika suala hili ni cha Kilwa. Tarihi ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu, katika karne ya 16, inamtaja Ali bin Hasan, aliyetoka Shirazi, kuwa ndiye aliyeanza utawala pale kisiwani. Watoto wa shule wanamjua: kakinunua kisiwa kwa nguo za rangi za kutosha kukizunguka chote. Kinachosahaulika ni kwamba tarihi hiyohiyo inasema wageni walipofika walimkuta Mwislamu mmoja na jamaa zake, jina lake Muriri wa Bari, na msikiti umeshajengwa. Ndiye aliyewaeleza habari za kisiwa, kwamba mwenye kisiwa amekwenda bara kuwinda, na akakaa kati ya wageni na mwenye kisiwa kama mkalimani. Kwa hiyo kitabu kilichoandikwa kumtukuza mwanzilishi kimemhifadhi, kwa uaminifu wa kupendeza, mtu aliyetangulia na msikiti wake na lugha zake mbili. Mombasa hali ni hiyohiyo. Jina la mji, Mvita, linamkumbuka Shehe Mvita, lakini mapokeo ya wenye mji yanamweka mbele yake mwanamke, Mwana Mkisi. Waandishi wa tarihi zile walikuwa wakweli kuliko waandishi wetu wa wasifu. Waliandika "alianza" na wakaandika "alimkuta" kwenye ukurasa uleule.

Nimewaahidi mzushi. Kuzua ni kuleta jambo ambalo halikuwapo, na kwa sauti hiyo tu ungedhani mzushi ni mtu wa kupewa nishani. Lakini mtu akikuita mzushi, amekutukana. Mzushi wa habari ni mwongo. Na msikitini, uzushi ndilo neno ambalo masheikh wetu wengi hulitumia kwa bidaa, jambo lililoingizwa katika dini bila asili. Hata kubuni, kwa jinsi lilivyo na heshima leo katika ubunifu wa majengo na mavazi, lina kivuli hicho: visa vya kubuni ni visa visivyotokea, na shahidi anayebuni mahakamani atafungwa. Lugha yetu haikumwamini moja kwa moja mtu aletaye jipya. Ilimwekea maneno mawili, la sifa na la shutuma, ikasubiri.

Kusubiri huko kumeonekana katika ushairi kuliko mahali pengine. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi, na kwa kizazi kizima vina na mizani vilikuwa ndiyo shairi lenyewe. Miaka 20 baadaye, 1974, Euphrase Kezilahabi, kijana wa Ukerewe, akatoa diwani ya Kichomi yenye mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Ugomvi uliozuka ulichukua miaka. Upande mmoja ulisema hayo si mashairi, ni maneno yaliyokatwa mistari, ni kuiga wageni, ni kuvuruga urithi. Upande wa pili ukasema urithi wenyewe ni mpana kuliko vina, na nyimbo za makabila ya bara hazikuwahi kuzihesabu mizani. Kezilahabi alifariki mwaka 2020, na leo hakuna mtaala wa fasihi unaomkwepa. Anaitwa mwanzilishi wa ushairi huru wa Kiswahili bila mtu kukohoa. Aliyoyaandika hayakubadilika hata herufi moja. Lililobadilika ni neno tunalomwitia. Mimi binafsi ninayapenda mashairi yenye vina, na sioni aibu kusema baadhi ya wafuasi wake waliitumia ruhusa aliyowapa kuficha uvivu. Lakini waliomwita mvurugaji walikosea kipimo. Walipima jambo kwa kuuliza ni jipya au si jipya, wakasahau kuuliza linasimama au halisimami.

Nifike sasa kwa neno ambalo mimi naliona ndilo kweli kuliko yote, na ambalo tumelifungia katika chumba kimoja cha fasihi. Ni mtunzi. Kutunga kumetapakaa katika Kiswahili: tunatunga shanga, tunatunga samaki kwenye uzi, tunatunga mashairi, Bunge linatunga sheria, mimba inatunga, jipu nalo linatunga usaha. Katika yote hayo hakuna hata moja linalotoka hewani. Shanga zipo, uzi upo. Kazi ya mtunzi ni mpangilio, na mpangilio ndio mpya.

Tuchukue mfano wa Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa mwaka 1932, wilaya ya Tunduru, akapita kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar es Salaam kutafuta riziki na kufanya kazi za nyumbani kwa watu. Mnamo 1968 akaanza kuchora. Mtazame kwa karibu alivyofanya. Hakununua turubai, maana hakuwa na uwezo huo. Alichukua ubao wa masonite, ule ule unaopigwa kwenye dari za nyumba, akaukata vipande vya mraba. Rangi yake ilikuwa ya mafuta, ile wanayopaka mafundi baiskeli, yenye kung'aa, inayouzwa katika vikopo vidogo. Akapaka uwanja wa nyuma rangi moja tu, kisha katikati akamweka mnyama mmoja, chui au nyati au ndege, mkubwa, macho yamekutumbulia, madoa yamepangwa moja moja. Picha zikauzwa Oyster Bay, pale Morogoro Stores, kwa wageni wanaokuja kununua nyama na mboga.

Ubao, basi, ulikuwa wa dari na rangi ya baiskeli. Wazo la kuuza picha mitaani nalo lilikuwapo. Wengi waliomwandika wanasema aliziona picha za wachoraji wa Kongo zikiuzwa mjini, akasema na mimi naweza. Ukimwita mvumbuzi, mtu atakuonyesha aliyetangulia. Ukimwita mtunzi, huna haja ya kumtetea, maana umeshakiri kila kilichokuwapo na bado hujamnyang'anya chake. Hakuna aliyewahi kuvitia vitu hivyo katika uzi mmoja kwa namna ile.

Na kuna jambo la pili kwake. Aliwafundisha wenzake: Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Kasper Tedo, Simon Mpata. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi, wakidhani ni mhalifu anayetoroka, akafa akiwa na umri wa miaka 40 hivi, na kazi yake yote ya uchoraji ilikuwa ya miaka isiyozidi minne au mitano. Miaka minne! Angekuwa peke yake, leo tungemsoma katika tanbihi. Wanafunzi wake waliendelea, wakafundisha ndugu na watoto wa ndugu, na mwaka 1990 wakasajili chama chao cha ushirika. Wao ndio waliojaza ubao wote kwa rangi, wakaongeza mandhari ya kijiji, hospitali, mganga, mabasi. Jina la mtu likawa jina la aina ya picha, na watalii wengi wanaozinunua hawajui kama Tingatinga alikuwa mtu. (Wenyeji nao wana shida yao: kwa wengi wetu tingatinga ni mtambo wa kuchonga barabara.) Ikiwa mwanzilishi wa mtindo huo ni mmoja, walioufanya usimame ni ukoo mzima, na kwao sisi hatuna neno zaidi ya "wafuasi", neno lisilowatosha.

Kanga ni hivyohivyo, ila huko jina la mtu wa kwanza halipo kabisa. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wananunua leso za mraba zilizochapwa kwenye jora, badala ya kuzikata moja moja wakazikata tatu tatu, kisha wakashona safu mbili pamoja, leso sita, wakapata nguo mpya. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza nguo iliyochapwa nzima, yenye pindo na mji. Baadaye yakaja maandishi, na hapo tunaye mwenye jina: Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, yule wa "Mali ya Abdulla", ndiye anayetajwa sana. Mwenye duka ana jina kwa sababu aliliandika kwenye nguo. Wale walioshika sindano hawakuandika popote. Ndiyo maana mtu akiniuliza nani mbunifu wa kanga ninajibu kwa wingi: wabunifu.

Sasa huyu mjasiriamali. Limeundwa vizuri kisarufi, jasiri na mali, na limeenea haraka kuliko istilahi nyingi zilizotoka katika vikao vya wataalamu. Lakini angalieni limefanya nini. Mama aliyekuwa akiuza vitumbua tangu enzi za Azimio la Arusha aliitwa muuza vitumbua. Leo anakaribishwa kwenye semina anaambiwa yeye ni mjasiriamali. Jiko ni lilelile na mtaji ni uleule. Machinga naye anaitwa mjasiriamali mdogo anapohitajika kura, na anarudi kuwa machinga siku ya kuvunjiwa kibanda. Wakenya walikuwa na jina lao la zamani, jua kali, na mimi nalipenda kwa kuwa halimpambi mtu: linasema tu anafanyia kazi wapi. Ubaya mkubwa wa mjasiriamali ni kwamba linaufunga upya wote ndani ya mali. Aliyeanzisha shule ya chekechea chini ya mwembe kwa kuwa watoto walikuwa wanazurura, ambaye hapati hata senti, tumwite nani? Msamiati tunao. Ufadhili ndio unaokuja na fomu yenye neno moja.

Na hata kwenye mali yenyewe, neno hilo halisemi yote. M-Pesa ilizinduliwa Kenya mwezi Machi 2007, na vitabu vinawataja Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone kuwa ndio walioisimamia tangu mwanzo, kwa msaada wa fedha wa serikali ya Uingereza. Ni haki wapewe chao. Lakini majaribio ya mwaka 2005 yalikuwa ya kuwawezesha wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo kurejesha marejesho yao kwa simu. Wale waliopewa simu wakaanza kuitumia watakavyo: huyu anamtumia mwenzake fedha, yule anaziweka kabla ya safari azitoe afikako. Kampuni iliona, ikaacha habari ya marejesho, ikauza huduma ya kutuma pesa nyumbani. Mfumo ulibuniwa na wahandisi. Matumizi yake yalitungwa na wakopaji wa Kenya, na hakuna hata mmoja wao aliye katika orodha ya waasisi.

Kabla sijakaa, neno moja la upande wa pili. Kiswahili kina neno la mwanzilishi anayeondoka, nalo ni zawadi ya Kizanaki: kung'atuka. Mwalimu Nyerere alilitia katika vinywa vyetu alipoacha urais mwaka 1985. (Uenyekiti wa CCM aliushikilia mpaka 1990, hata kung'atuka kuna awamu.) Nalitaja kwa sababu waasisi wengi wa asasi zetu, za dini, za michezo, za kiraia, wamelichukua jina la kwanza na kulikimbia hili la pili. Kuna ofisi nyingi nchini ambako mwasisi, mwenyekiti, mweka hazina na mwenye funguo ni mtu mmoja kwa miaka 25, na cheo chake cha kwanza ndicho kinachozuia kuulizwa habari za cheo chake cha tatu.

Basi ombi langu ni kwa ninyi mtakaoandika: wahariri, watangazaji, wanafunzi wenye tasnifu za kumaliza, na wenzangu wa kamusi. Mkitaka kumwita mtu mwasisi, andikeni ni mwasisi wa nini, mwaka gani, na alimkuta nani pale. Kama alianza tu, mwiteni mwanzilishi, linatosha na lina heshima. Kama alivitia pamoja vilivyokuwapo, msione haya kumwita mtunzi hata kama hajaandika ubeti mmoja maishani mwake. Na kabla hamjamwita yeyote mzushi kwa sababu kaleta jambo ambalo hamkulizoea, mpeni muda, kama ule uliompa haki Kezilahabi. Maswali nayapokea sasa, na naomba yawe mafupi kuliko mhadhara wenyewe.